Haller Park: Siku ya familia katika msitu uliooteshwa juu ya mwamba

Kila shule zinapofungwa, familia nyingi katika Kaunti ya Mombasa hukabiliwa na swali lile lile: watoto wapelekwe wapi? Wengi huishia ufuoni, na ufuo ni mahali pazuri. Hata hivyo, ipo nafasi nyingine ambayo baadhi ya wakazi huipita kila siku wakiwa ndani ya matatu bila kuingia. Ni Haller Park, bustani ya wanyama na miti iliyoko Bamburi, eneo la Kisauni, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi.

Humo mna twiga, viboko, mamba, kobe wakubwa, tumbili na ndege wa kila aina chini ya kivuli cha miti mirefu. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza hudhani huo ni msitu wa asili uliobakizwa mji ulipokua. Sivyo. Miaka 60 iliyopita hapakuwa na msitu wowote hapo. Palikuwa na timbo.

Makala haya yanaeleza jinsi timbo hilo lilivyogeuka kuwa bustani, familia itaona nini, ijiandae vipi, na kwa nini kila mkazi ana jambo la kujifunza hapo hata kama hana mtoto wa kumtembeza.

Timbo lililogeuka msitu

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Malighafi yake kuu ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, yaani mwamba ule ule ambao nyumba nyingi za Pwani zimejengwa juu yake. Mawe hayo yalichimbwa mwaka baada ya mwaka, na nyuma ya mashine pakabaki uwanda mpana wa mwamba mtupu. Udongo wa juu ulikuwa umeondolewa. Jua lilipiga mawe meupe na joto likarudi juu. Maji yaliyokuwa karibu chini ya mwamba yalikuwa na chumvi.

Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akisimamia bustani na mashamba ya kampuni hiyo, alianza kazi ya kurudisha uhai mahali hapo. Alijaribu aina 26 za miti. Nyingi zilikauka. Zilizosalia zilikuwa tatu tu: mvinje, mnazi na damas, mti ambao asili yake ni Pembe ya Afrika.

Mvinje ndio uliofungua njia. Wakazi wa Pwani wanaujua vizuri, kwa kuwa huota karibu na bahari na hustahimili chumvi. Siri yake nyingine iko mizizini. Huko huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani na kuifanya mbolea ya mti. Kwa hivyo mvinje unaweza kukua mahali ambapo miti mingine ingekufa njaa.

Lakini tatizo jipya likazuka. Majani ya mvinje, yaliyo kama sindano, yalidondoka na kurundikana bila kuoza. Bila kuoza hapana mboji, na bila mboji hapana udongo. Jawabu lilitoka kwa kiumbe ambaye watoto wengi humkwepa: jongoo. Haller aliona jongoo wakubwa wenye miguu myekundu wakiyatafuna majani hayo. Aliwakusanya kwa wingi na kuwaachilia chini ya mivinje. Walikula, na kinyesi chao kikawa chanzo cha mboji. Kidogo kidogo mwamba ukavaa udongo.

Udongo ulipopatikana, miti mingine ilipandwa ikashika. Ndege walikuja na mbegu tumboni. Mashimo yenye maji yakafanywa mabwawa ya samaki, na samaki wasiofaa kupelekwa sokoni wakawa chakula cha mamba. Kila kiumbe aliletwa kwa sababu fulani, na taka ya mmoja ikawa riziki ya mwingine.

Mwaka 1984 sehemu ya eneo hilo ilifunguliwa kwa umma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1987, Haller aliingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu jijini Nairobi. Baadaye bustani yenyewe ikapewa jina lake.

Familia itaona nini

Njia za ndani ni za kutembea kwa miguu, na sehemu kubwa ina kivuli. Familia inaweza kwenda taratibu, ikapumzika na kuendelea. Twiga ndio huvutia watoto zaidi, kwa sababu nyakati za kulishwa wageni huruhusiwa kusogea na hata kuwapa chakula chini ya uangalizi wa wahudumu. Viboko na mamba nao wana nyakati zao za kulishwa. Saa hizo zinaweza kubadilika, kwa hivyo ni vyema kuuliza langoni mara tu mnapofika na kupanga matembezi kuzizunguka.

Kobe wakubwa kutoka visiwa vya Aldabra, Ushelisheli, hutembea polepole kiasi kwamba hata mtoto wa miaka mitatu humfuata kobe bila kuachwa. Kuna sehemu ya nyoka, mabwawa ya samaki, na swala wa aina kadhaa. Anayependa ndege awahi asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Wazazi wasisahau kuwaonyesha watoto vitu vidogo. Anayeinama chini ya mvinje na kufunua majani makavu anaweza kumkuta jongoo kazini. Kwenye kingo za bustani bado zipo kuta za mwamba zinazoonyesha machimbo yalivyokuwa. Mtoto akiutazama ukuta huo kisha akatazama mti ulio mbele yake, ataelewa kilichofanyika kwa haraka kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Kisa cha Owen na Mzee

Haller Park ilijulikana duniani kote kutokana na kiboko mmoja mchanga. Desemba 2004 mafuriko ya Mto Sabaki yaliwasukuma viboko hadi karibu na bahari ya Malindi. Tarehe 26 mwezi huo, mawimbi ya tsunami yaliyotoka upande wa Indonesia yalifika katika pwani yetu. Maji yalipotulia, ndama wa kiboko alionekana amekwama baharini peke yake, mama yake hayuko.

Wakazi na wavuvi wa Malindi, wakisaidiana na wahifadhi wa wanyama, walihangaika kwa saa nyingi hadi wakamtoa. Alipewa jina la mmoja wa waokoaji wake, Owen, na kupelekwa Bamburi. Alipofunguliwa katika zizi lake jipya, alikimbia moja kwa moja na kujificha nyuma ya kobe dume aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi.

Mzee hakufurahia mara moja. Alijaribu kusogea mbali, lakini ndama akamfuata. Baada ya siku chache wawili hao walikuwa wakila pamoja, wakiogelea pamoja na kulala bega kwa bega. Kisa chao kiliandikwa katika kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 2006. Miongoni mwa waandishi wake ni mwanasayansi Mkenya Paula Kahumbu, ambaye wakati huo alifanya kazi katika bustani hiyo. Baadaye Owen aliwekwa pamoja na kiboko mwenzake ili aishi maisha ya jamii yake.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kutoka kisiwani, familia huvuka daraja la Nyali na kufuata barabara ya Malindi. Matatu za kwenda Mtwapa hupita hapo. Mwambie kondakta mapema kwamba mnashuka Haller Park, hasa mkiwa na wazee au watoto wadogo, ili gari lisimame vizuri. Barabara hiyo ina magari mengi na ya kasi. Mshike mtoto mkono kabla ya mlango wa matatu kufunguliwa, na vukeni mkiwa pamoja.

Kiingilio hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni wa nje, na kati ya mtu mzima na mtoto. Watu wazima wabebe vitambulisho vyao, na kwa watoto nakala ya cheti cha kuzaliwa inaweza kuokoa mabishano. Ulizeni mapema kiwango cha siku hiyo na njia ya malipo. Familia inayojua jumla ya nauli na kiingilio kabla ya kutoka nyumbani haitalazimika kumnyima mtoto maji ya kunywa saa nane mchana kwa sababu pesa zimekwisha.

Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo yenye joto kali zaidi Pwani, na mvua ndefu hunyesha zaidi Aprili na Mei. Katika joto, wakati mzuri ni asubuhi au jioni. Kila mtu awe na chupa yake ya maji inayoweza kujazwa tena. Watoto wavae kofia na viatu vilivyofunikwa mbele, kwa kuwa njia zina mawe na mizizi.

Mabwawa na vivuli hupendwa pia na mbu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lakini mbu anayeeneza homa ya dengi huuma mchana, na ugonjwa huo umewahi kuzuka Mombasa zaidi ya mara moja. Nguo za mikono mirefu na mafuta ya kufukuza mbu ni kinga nzuri. Mtu akipata homa siku chache baada ya matembezi, aende kituo cha afya akapimwe badala ya kununua dawa kwa kubahatisha.

Kuhusu chakula, ulizeni langoni kama mnaruhusiwa kuingia nacho na kinaliwa sehemu gani. Mahamri, chapati, viazi vya karai na ndizi husafiri vizuri katika kopo lenye kifuniko, na husaidia kupunguza gharama. Epukeni vyakula vya nyama na maziwa vinavyoharibika haraka kwa joto.

Anayetumia kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto wa kubebwa au nyanya mwenye maumivu ya magoti asiachwe nyumbani kwa kudhani hataweza. Pigeni simu au ulizeni langoni ni njia ipi iliyo tambarare na ni wapi kuna viti, kisha mwendo wa familia nzima uwe wake.

Usalama ndani ya bustani

Ajali nyingi za wanyama huanza kwa mtu kumkaribia mnyama kupita kiasi, mara nyingi kwa ajili ya picha. Kiboko huonekana mzito na mvivu, lakini ni mnyama mkali na mwenye mbio. Mamba hukaa kama gogo hadi pale anaporuka. Mtoto asipandishwe juu ya ukuta wala ua, hata kwa dakika moja, hata mzazi akiwa amemshika.

Tumbili ndio huleta matatizo madogo ya kila siku. Tumbili aliyezoea kupewa mkate hujifunza kunyang'anya, na akikataliwa huuma. Chakula cha binadamu pia humdhuru yeye mwenyewe. Funikeni vyakula, msimrushie kitu, na msimkodolee macho, kwani kwake hiyo ni dalili ya ugomvi.

Iwapo mtu ataumwa au kuparuzwa na mnyama yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake, na dalili zake zikishaanza ni nadra sana mgonjwa kupona. Chanjo inayotolewa mapema huokoa maisha.

Mtu akiumwa na nyoka, atulizwe, asitembee ovyo, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, na apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, na lisifungwe kwa kamba ya kubana.

Kabla ya kuanza matembezi, familia ikubaliane mahali pa kukutana iwapo mtu atapotea. Mtoto anayeweza kukumbuka namba afundishwe namba ya simu ya mzazi. Mdogo zaidi anaweza kuandikiwa kwenye karatasi mfukoni. Mtoto akikosekana, mjulishe mhudumu papo hapo. Simu za dharura ni 999 au 112, na simu ya kusaidia watoto ni 116.

Taka zirudi na mwenyewe

Tangu Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku kote nchini, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya Sh2 milioni hadi Sh4 milioni, kufungwa jela, au vyote viwili. Lakini mfuko si tatizo pekee. Vifuniko vya chupa, mirija, karatasi za peremende na nepi zilizotumika pia humezwa na wanyama. Kobe hawezi kutofautisha plastiki na jani. Ikishaingia tumboni inaweza kuziba utumbo na kumuua polepole, bila mtu kujua sababu.

Suluhisho ni jepesi: bebeni kikapu au mfuko wa kitambaa wa kurudisha taka zenu. Mpeni mtoto mmoja kazi ya kuusimamia. Watoto wengi huifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko watu wazima.

Masomo nje ya darasa

Wanafunzi wa madarasa ya chini hufundishwa Shughuli za Mazingira, na matembezi haya yanaweza kuwa somo zuri bila kuharibu raha. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuhesabu aina za majani. Wa miaka minane anaweza kueleza nani anamla nani. Mkubwa zaidi anaweza kuulizwa swali gumu: kama jongoo wangekosekana, msitu huu ungekuwaje?

Mkishafika nyumbani, kila mtoto achore kitu kimoja alichokiona na aeleze kwa maneno yake. Mwalimu atafurahi kukiona, na mzazi atajua mtoto alikumbuka nini.

Kwa familia ambayo nauli na kiingilio vimeizidi mwezi huu, ipo Mama Ngina kisiwani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019. Hapo kuna upepo wa bahari, meli zinazoingia na kutoka bandarini, madafu, kachri za muhogo, na mibuyu iliyoishi kuliko yeyote kati yetu. Maswali ya mtoto kuhusu mti yanaweza kuulizwa pale pia.

Jambo la kubeba hadi nyumbani

Serikali ya Kitaifa iliweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Wakazi wa Mombasa wamekuwa wakipanda shuleni, barabarani na ufuoni. Hata hivyo, kila aliyepanda mti katika udongo wetu wenye mawe ya matumbawe anajua kwamba kuchimba shimo ndiyo sehemu rahisi. Miche mingi hufa baada ya picha kupigwa, kwa kukosa maji, kwa kuliwa na mbuzi, au kwa kupandwa mahali pasipoifaa.

Bamburi inafundisha mambo matatu kuhusu hilo. La kwanza, chagua mti unaofaa mahali hapo. Katika aina 26 ni 3 tu zilizosimama, na kazi ikaanza na hizo tatu badala ya kung'ang'ania nyingine. La pili, udongo huja kabla ya msitu. Majani makavu yanayofagiliwa na kuchomwa kila asubuhi katika nyua zetu ndiyo mboji ya kesho, kwa hivyo yarundikwe kwenye shina la mche. La tatu, muda. Kati ya mche wa kwanza na siku ambayo umma ulifunguliwa lango ilipita miaka 13.

Zaidi ya hayo, sehemu nyingi za Pwani bado zina mashimo yaliyoachwa baada ya kuchimbwa mawe ya kujengea. Mvua inaponyesha hujaa maji, na watoto huenda kuogelea humo. Mengine hugeuzwa jaa la taka. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye kibali cha kuchimba arekebishe ardhi anapomaliza. Mkazi anayeishi karibu na shimo lililoachwa wazi ana haki ya kulifikisha kwa chifu, kwa msimamizi wa wadi, au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, kabla mtoto hajazama humo. Akiambiwa kwamba shimo ni shimo na halina la kufanywa, anaweza kumwelekeza anayesema hivyo Bamburi, akaone.